Barua ya wazi: Kilomita 10 hizo hazikupimwa

Mheshimiwa mwenye dhamana ya vituo vya kupima mitetemo,

Tunakuandikia hadharani kwa sababu barua tatu za ofisini hazikujibiwa. Baada ya mtikisiko wa usiku wa juzi, taarifa ilitoka kwamba tetemeko lilikuwa "kilomita 10 chini ya Nyiragongo", volkano iliyo jirani na mji wa Goma. Watu wa Goma wamelala nje wakiitegemea namba hiyo. Mheshimiwa, namba hiyo haikupimwa. Programu ya kompyuta ikikosa data ya kutosha kukadiria kina, hubandika kina cha kushikizia, na mazoea ya wengi ni 10 kamili. Kwenye volkano, kati ya kilomita 10 na kilomita 2 kuna tofauti ya magma (mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi) iliyotulia na magma inayotafuta pa kutokea.

Tetemeko lina mambo manne tusiyoyajua: latitudo, longitudo, kina na saa lilipoanza. Bila nyakati nne za kuwasili kwa mawimbi hakuna hesabu, na nne zenyewe ni kidogo mno. Wimbi la kasi, liitwalo P, hutangulia; la polepole zaidi, liitwalo S, hufuata. Katika mwamba wa kawaida kila sekunde kati yao ni kama kilomita 8 za umbali kutoka kituoni hadi kwenye tetemeko. Mlima uliorundikwa majivu na lava yenye nyufa hupunguza mwendo wa mawimbi, kwa hiyo ukitumia 8 hiyo hiyo, tetemeko unalisogeza mbali na lilipo. Kina ndicho kigumu kuliko vyote. Tetemeko la kina cha kilomita 3 linataka kituo kilicho umbali wa kilomita 3 au 4 kutoka juu yake. Kituo cha kilomita 30 hakitakuambia. Na kituo cha karibu, kile cha ubavuni mwa mlima, ndicho kilichonyamaza.

Kwa tunavyoona, betri zimechoka na hazivuki usiku. Huenda paneli ya sola nayo imeibwa. Vituo vilivyobaki vina ugonjwa wa saa: antena ya GPS inayorekebisha saa ikikatika, saa ya kinasa mitetemo huteleza. Kosa la sekunde 0.1, kwa wimbi la kilomita 6 kwa sekunde, ni mita 600. Upande wa kusini ni ziwa, na bila vituo vya kisiwa cha Idjwi na mji wa Gisenyi, Rwanda, tunakuwa tumeutazama mlima kwa upande mmoja tu, na kitovu, yaani mahali tunapokadiria tetemeko lilitokea, kinavutwa ovyo. Mtetemo wa mfululizo ndio mbaya zaidi, maana hauna mwanzo wa kushika. Ili kujua unakotoka, tunalinganisha nguvu yake kituo kwa kituo. Vituo viwili havitoshi kulinganisha chochote.

Tukukumbushe Mei 2021. Tarehe 22, mitetemo iliutangulia mlipuko kwa dakika 40 hivi. Siku zilizofuata, matetemeko yenyewe ndiyo yaliyoonyesha magma ikijipenyeza kusini, chini ya mji hadi chini ya Ziwa Kivu lenye methani na kaboni dayoksaidi. Tarehe 27 mitaa 10 ya Goma ikaamriwa kuhama. Amri kama hiyo huwezi kuitoa bila kujua vitovu vinaelekea wapi saa kwa saa. Na miezi kadhaa kabla ya mlipuko ule, data haikuwa ikifika kwa kukosa intaneti. Uliahidi kwamba hilo halitarudi. Limerudi.

Hatuombi jengo wala gari. Tunaomba betri mbili, paneli moja, antena ya GPS, mlinzi anayelipwa, na intaneti iliyolipiwa mwaka mzima. Kama yote hayo ni mengi, washa kituo cha ubavuni tu, Mheshimiwa. Kituo kimoja.

Na hadi kitakapowaka, taarifa ziandike ukweli: "kina hakijulikani".

Kwa heshima,
Wachambuzi wa mitetemo, Goma