Tusome nyayo kabla ya kumtaja mnyama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo linalonisikitisha kila ninaposoma habari za mifugo iliyouawa usiku. Mara nyingi simba au chui hutajwa tangu kwenye kichwa cha habari, ilhali ndani yake hakuna hata sentensi moja inayoeleza ni alama gani zilizoonekana zizini.

Nyayo za chui na za fisi zote huonyesha vidole vinne, na hapo ndipo wengi wanapochanganya. Chui hutembea akiwa ameficha kucha, kwa hiyo mbele ya vidole vyake huwa hakuna vitone vya kucha, na ukingo wa nyuma wa wayo wake umegawanyika sehemu tatu. Fisi huacha alama za kucha, na nyayo zake za mbele ni kubwa kuliko za nyuma. Hata hivyo, wayo mmoja hautoshi, kwa kuwa tope hutanua alama na chui anayeteleza huchomoza kucha. Anayetaka uhakika hufuata mfululizo wa nyayo mpaka apate zilizo wazi.

Kosa kubwa zaidi ni kudhani kwamba mwenye nyayo kando ya mzoga ndiye aliyeua. Fisi hula pia mizoga ya wanyama waliouawa na wengine au waliokufa kwa ugonjwa, na ndiyo maana mzoga wenyewe hauna budi kuchunguzwa. Ngozi ya shingo ikichunwa, mahali meno yalipozama mnyama angali hai huonekana damu iliyovilia chini ya ngozi. Aliyetafunwa baada ya kufa hana damu hiyo.

Tofauti hii si ya wataalamu peke yao. Mfugaji anayeziba matundu ya chini ili kumzuia fisi hajamzuia chui, ambaye huruka ua. Tena hasira ikiishia kwenye mzoga uliotiwa sumu, hufa tai na mbwa ambao hawakuhusika kabisa.

Kwa hiyo ninakuomba, Mhariri, uwatake waandishi wako waambatanishe picha ya wayo iliyopigwa kutoka juu moja kwa moja, ikiwa na rula kando yake, na pale isipopatikana waandike tu kwamba mnyama hajatambuliwa.

Msomaji wako