Yu Gwan-sun na soko la Aunae

Mhariri,

Yu Gwan-sun, binti wa Korea aliyepinga utawala wa Wajapani nchini mwake, akitajwa, wengi hukumbuka ile picha yake ya gerezani. Mimi naona soko la Aunae lingetajwa zaidi.

Machi 1919, kufuatia maandamano ya kudai uhuru, Wajapani walifunga shule mjini Seoul, na binti huyu wa miaka 16 akarudi kwao, karibu na Cheonan. Aprili 1, siku ya gulio hapo Aunae, aligawa bendera za Korea katikati ya wachuuzi. Askari wakafyatua risasi. Baba na mama yake wakauawa.

Akafungwa katika gereza la Seodaemun, Seoul. Kumbe hata huko hakunyamaza: Machi 1, 1920 aliongoza wafungwa wenzake kupaza sauti, "Manse!", yaani "Idumu!" Alifariki Septemba 28, kabla hajatimiza miaka 18.

Msomaji wenu,
Dodoma