Kufunga ujumbe si kumficha faru

Mhariri,

Mimi ni askari mstaafu wa wanyamapori. Naishi Mwariki, karibu na ua wa umeme wa Mbuga ya Ziwa Nakuru. Majuzi, katika kikao cha mtaa, kijana mmoja mtaalamu alitueleza habari za vihisi visivyo na waya vya kufuatilia faru: vidude vya kufungwa mitini, vinavyotuma ujumbe vikimhisi faru karibu. Nilifurahi. Lakini nilipouliza kuhusu usalama, alijibu kuwa ujumbe hufungwa kwa msimbo wa siri, basi hakuna jangili atakayeusoma. Jibu hilo limeninyima usingizi.

Enzi zetu faru alilazwa kwa dawa, pembe ikatobolewa, tukatia kisambaza mawimbi na kuziba. Kisha ni kutembea na antena mkononi: tik, tik, tik. Nikimwelekea mlio unapanda, nikigeuka unafifia. Mlio ule haukubeba neno hata moja, ila ulinifikisha mahali ninaposikia faru akivunja vijiti vya kichaka. Mwingine mwenye redio kama yangu, kwenye masafa yaleyale, angefika pia.

Vihisi vya sasa hupokezana ujumbe, hiki kikimpa jirani yake, hadi kwenye kituo kinachopokea habari. Jangili hana haja ya kuufungua. Anakaa karibu na kituo, anasikiliza wimbi la mwisho limetoka upande gani, anasogea hapo, anangoja jingine. Anarudi nyuma hivyo hivyo mpaka kwa mnyama. Watafiti wamelijua jambo hili kwa zaidi ya miaka 15. Dawa mojawapo ni kuuzungusha ujumbe ovyo ovyo kwenye vihisi kadhaa kabla haujashika njia ya kituoni. Nyingine ni kurusha jumbe bandia kutoka pembe nyingine za mbuga. Betri zitaisha haraka, na habari itachelewa kidogo. Heri hivyo kuliko kukuta mzoga usio na pembe, nimeukuta, siusahau.

Na wasituambie majangili hawajui mitambo. Mwaka wa 2013, nchini India, mtu alijaribu kuingilia barua pepe ya mtafiti iliyopokea habari za mahali alipo simbamarara wa hifadhi ya Panna aliyevishwa kola ya kumfuatilia. Bahati nzuri alizuiwa.

Kabla vihisi hivyo havijafungwa mitini, naomba wahusika wanipe antena na askari wa kunisindikiza. Nitaanzia kituoni kwao, nifuate mawimbi tu. Nikimfikia faru, wavirudishe karakana.

Askari mstaafu,
Mwariki, Nakuru