Mkitaka Tupunguze Sukari, Anzieni Kwenye Geti la Shule

Mheshimiwa Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja, lakini safari hii siwezi kunyamaza. Ile taarifa yenu ya kupunguza sukari, yenye picha kubwa ya mama akimimina chai, imeniudhi sana. Si kwamba mmesema uongo. Sukari tunayokula ni nyingi mno na mmefanya vizuri kulisema. Kilichoniudhi ni kwamba mwandishi wenu, tangu mwanzo hadi mwisho, anamsema mama tu: mama apunguze vijiko, mama asinunue soda, mama awazoeze watoto kunywa maji. Mtoto wa Uganda anayesoma bweni anakula kwa mama yake miezi mingapi kwa mwaka?

Kwangu mambo ya nyumbani tuliyamaliza zamani. Mume wangu ana kisukari, na daktari alitukalisha akatueleza kwa subira. Alisema sukari ya kwenye kikombe haileti kisukari moja kwa moja kama mbu aletavyo malaria. Ila vitu vitamu, hasa vya kunywa, huongeza uzito upesi kwa sababu havishibishi, na uzito huo, zaidi ule wa tumboni, ndio unaomkaribisha mtu kwenye kisukari cha watu wazima. Tangu siku hiyo tulipunguza kidogo kidogo. Chai yetu ni ya tangawizi na mchaichai, na ulimi umeshazoea. Nikipewa chai ya harusini siwezi kuimaliza. Hesabu za Shirika la Afya Duniani nimezibandika jikoni. Tangu 2015 linashauri kwamba sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi gramu 50 hivi kwa siku kwa mtu mzima, na ikiwezekana ishuke chini ya gramu 25, yaani vijiko 6 vya chai. Soda moja ya nusu lita inaweza kuzimaliza zote 50.

Sasa sikilizeni yaliyonipata mwanzo wa muhula huu. Mjukuu wangu yuko sekondari, mwaka wa pili, shule ya bweni ambayo jina lake naliacha. Karatasi ya mahitaji ilikuja kama kawaida: karatasi za chooni, ufagio, rimu ya karatasi, sabuni, na sukari kilo 4. Kilo mbili huchukuliwa stoo kwa ajili ya uji, mbili hubaki kwenye sanduku la mtoto, azichanganye na ule unga wa muhogo wanaouita gari, atie maji, ale usiku. Mimi nilipiga hesabu. Muhula una wiki 12 hivi, siku 84. Gawa kilo 4 kwa siku 84, utapata gramu 47 na ushei kila siku, karibu vijiko 12 vya chai, na hapo bado hujahesabu mandazi wala soda za kantini. Maana yake shule imemwekea binti wa miaka kumi na minne sharti la kukaribia kikomo cha mtu mzima kabla hajanunua peremende hata moja. Nikasema hapana. Nikafunga kilo 2 za stoo, zile za wote, kwa sababu sitaki mtoto wangu anywe uji wa wenzake. Zile mbili za sandukuni nikaziondoa, nikaweka karanga za kukaanga na simsim, vitu vyenye protini na mafuta, vitu vinavyoshibisha mtoto anayesoma mpaka saa nne usiku. Nikaandika barua ya heshima kumweleza mwalimu sababu. Tulipofika getini, metroni akafungua sanduku mbele ya foleni nzima ya wazazi, akaipima sukari kwa mizani, akasema haitoshi. Nikampa barua. Hakuifungua. Nikamwonyesha karanga, akasema karanga hazimo kwenye orodha, na kwamba usiku uji usipokuwa mtamu watoto hugoma na lawama humwangukia yeye. Nikamwambia sukari ya uji hiyo hapo, kilo 2 kamili, ninayoizuia ni ya sandukuni. Akajibu, "Mama, orodha ni orodha." Mtoto akarudishwa nje ya geti na sanduku lake, analia, mabegi ya wenzake yanapita. Ng'ambo ya barabara kuna duka linalouza mahitaji yote ya orodha ile kwa bei inayozidi ya sokoni, na huko ndiko tulikoelekezwa. Nikanunua, kwa kuwa mtoto asingelala barabarani. Na siku hiyohiyo, ndani ya geti lile, nilipita kwenye tangi la maji ya kunywa, bomba lake limevunjika na limefungwa kwa mpira wa baiskeli, huku kantini pembeni ikiwa imepanga soda hadi kwenye dari.

Kwa hiyo mwandishi wenu anaponiambia nipunguze sukari, namuuliza: nipunguze vipi kitu ninacholazimishwa kununua ili mtoto asome?

Najua jambo hili lilianzia wapi. Sisi tuliokua wakati wa magendo tunakumbuka. Baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972, viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi vilidorora, na sukari ikawa kitu cha kujuana na wakubwa. Mzazi aliyempeleka mwanawe shule na sukari alikuwa amempa heshima mbele ya wenzake. Shule ikaiandika kwenye orodha kwa sababu haikuwa na uwezo wa kuinunua. Hilo nalielewa na sina lawama nalo. Lakini leo sukari imejaa kila duka, hapa Jinja tunaisikia harufu ya miwa ikichemshwa, na orodha zinanakiliwa mwaka baada ya mwaka kama zilivyokuwa, bila hata mtu mmoja kuuliza mtoto anahitaji nini.

Na maadamu nimeitaja miwa, kuna jambo jingine ambalo gazeti lenu linalipita. Kutoka hapa kwenda Iganga miwa imefika mpaka kwenye vizingiti vya nyumba. Hukaa shambani mwaka na nusu hivi kabla ya kukatwa, na muda wote huo shamba halitoi kiazi wala haragwe, ndiyo maana mwenye ekari mbili anakwenda kununua posho, yaani unga wa ugali. Watoto wanaacha darasa kwenda kukata miwa na kuipakia. Usiku matrekta yanaburuta matela mawili mawili barabarani bila taa ya nyuma, na anayeendesha bodaboda hujua kuna tela mbele yake akiwa ameshalifikia. Wekeni taa nyekundu kwenye matela hayo! Ni kitu kidogo, kinaokoa roho za watu. Trafiki wanayaona kila usiku yakipita.

Nirudi shuleni. Wizara ya Elimu na Michezo iandike waraka wa ukurasa mmoja. Sukari itoke kwenye orodha ya mahitaji, sandukuni na stoo pia. Mahali pake paandikwe karanga kilo 2 na simsim kilo 1. Uji uwe wa ulezi uliochanganywa na unga wa soya, sukari aitie mpishi kwa kipimo kilichobandikwa ukutani, gramu 10 kwa kila mtoto, na mzazi yeyote aruhusiwe kuingia jikoni kukisoma. Kantini isiuze soda siku za masomo. Hazina nayo itazame Afrika Kusini, ambako tangu Aprili 2018 kinywaji kinatozwa kodi kwa kila gramu ya sukari inayozidi gramu 4 katika mililita 100, ili kilicho kitamu zaidi kilipe zaidi. Fedha za kodi ya namna hiyo zitengeneze mabomba ya maji shuleni, kuanzia na lile lililofungwa kwa mpira.

Ninyi nanyi, Mheshimiwa Mhariri, mna kazi. Muhula ujao kabla shule hazijafunguliwa, mtumeni yule mwandishi aliyeniambia nipunguze vijiko akaombe orodha za mahitaji katika shule kumi za bweni, za serikali na za watu binafsi, azichapishe kama zilivyo, na kilo za sukari zionekane. Kisha akamwulize mwalimu mkuu wa kila shule, si mama, kwa nini.

Msomaji wenu,
Walukuba, Jinja