Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vitufe Tulivyojichorea Wenyewe

Ndugu wanachama,

Mwaka jana niliahidi mbele yenu kwamba vijana wa chama chetu cha roboti wataacha kutegemea programu zilizoandikwa na walimu. Kwa niaba ya kamati, naleta taarifa ya ahadi hiyo.

Wengi wenu mnaijua V5 Brain, ule ubongo wa roboti za mashindano za VEX wenye skrini ya mguso. Ina nafasi 8 za kuhifadhia programu, nasi tulikuwa tunazijaza: hii ya timu nyekundu kushoto, hii ya nyekundu kulia, hii ya buluu. Ukirekebisha kasi ya mota katika moja, huna budi kuzifungua zote. Tukisahau moja, roboti huenda ovyo katika zile sekunde 15 za mwanzo wa mchezo inapojiendesha yenyewe, na hapo hakuna wa kuiokoa. Yametupata zaidi ya mara moja.

Ndiyo maana tangu Machi kazi ya Jumamosi imekuwa hiyo tu: programu moja yenye mipango yote ya kujiendesha, na vitufe vya kuchagua mpango vichorwe kwenye skrini na vijana wenyewe. Walianzia kwenye karatasi ya grafu. Eneo la kuchorea lina pikseli 480 kwa upana na 240 kwa kimo, na sifuri iko kwenye kona ya juu kushoto. Ukishuka, y inaongezeka. Hilo peke yake lilitula Jumamosi mbili, maana grafu ya shuleni hupanda.

Binti mmoja wa kidato cha pili alikiandikia kitufe chake 250, 20, 450, 110. Kikamwagika nje ya skrini upande wa kulia. Alidhani namba mbili za mwisho ni kona ya pili, kumbe ni upana na kimo. Walimu walinyamaza. Akarudi kwenye rula na karatasi, akapima, akaandika 200 na 90, kikakaa mahali pake. Nilikuwapo, na sijaona furaha kama ile mwaka mzima.

Kilichotusumbua zaidi ni kidole. Kitufe cha kubadili rangi ya timu kiliruka nyekundu, buluu, nyekundu, kabla mtoto hajainua mkono, kwa kuwa programu hukagua mguso mara nyingi ndani ya sekunde moja. Dawa ikawa kuiambia isubiri kidole kiondoke ndipo ihesabu mguso mmoja. Siku hizi mpango uliochaguliwa huandikwa kwa herufi kubwa, na dereva huusoma kwa sauti kabla ya kutoka uwanjani.

Hesabu za fedha atawasomea mweka hazina. Shida yetu ni kwamba Brain tunayo moja, na vijana wanapanga foleni kujaribu mistari mitano ya msimbo. Kamati inaomba ada za mwaka ujao zinunue ya pili. Najua wapo wanaotaka fulana za chama, na hoja yao nimeisikia. Kwa maoni yangu fulana zisubiri. Kura itapigwa hesabu zikishasomwa.

Mwenyekiti