Aliyetolewa wengu apewe kadi

Mhariri,

Mume wangu hakuumwa na mbwa. Alilambwa. Alikuwa na mchubuko kwenye kidole gumba, mdogo kama punje ya mtama, na mbwa wetu tuliyemlea tangu akiwa kitoto akamlamba mkono kama alivyozoea. Siku ya nne akashikwa na homa ya kutetemeka. Alfajiri nilipomfunua shuka, miguu ilikuwa na madoa ya zambarau, na hata nikiyabonyeza hayafifii.

Hospitali waliuliza amekula nini, amesafiri wapi. Mbwa sikumtaja. Kwangu mimi hatari ya mbwa ilikuwa kichaa tu, na wetu kachanjwa. Wala sikukumbuka kusema kwamba miaka 9 iliyopita mume wangu alitolewa wengu, yaani bandama, baada ya ajali ya pikipiki. Ni muuguzi wa zamu ya usiku aliyeliona kovu tumboni, akauliza ni la nini, kisha akauliza, "Nyumbani mnafuga nini, mama?"

Dawa zikabadilishwa saa ileile. Maabara wakaombwa wasizitupe mapema chupa za damu, maana bakteria aliyeshukiwa, wa mate ya mbwa, huota polepole, pengine siku 5 au zaidi. Anaitwa Capnocytophaga canimorsus, na madaktari wamemjua tangu 1976. Hukaa kwenye mate ya mbwa na paka wazima kabisa, na kwa watu walio wengi hana madhara. Lakini wengu ndio unaochuja vijidudu kwenye damu. Asiye nao, au mwenye ini lililoharibika, au mlevi wa siku nyingi, vikimwingia mwilini huweza kusambaa kwenye damu, na wanaofikia hapo hufa karibu 3 kati ya 10.

Mume wangu yu hai. Amekatwa vidole vitatu vya mguu.

Naziomba hospitali: anayetolewa wengu asiruhusiwe bila kadi ya mfukoni inayosema hivyo, pamoja na chanjo alizopata. Aambiwe waziwazi kwamba akiumwa na mbwa au paka, au kidonda kikilambwa, aoshe kwa maji na sabuni, kisha amwone daktari siku hiyohiyo bila kungoja homa. Sisi tulipewa tarehe ya kutoa nyuzi, basi.

Kadi yake nimeiandika mwenyewe kwa kalamu. Iko kwenye pochi, mbele ya kitambulisho.

Mke wa mgonjwa