Taa ya usiku kucha haiongezi maziwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu jirani yangu wa huku Kibosho. Tangu wezi wavunje banda la shemeji yake, ameacha taa nyeupe ya sola ikiwaka juu ya ng'ombe wake mpaka asubuhi. Sasa kila tukipeleka maziwa anatutangazia kwamba mwanga huo ndio unaomjazia ndoo.

Hajakosea kote. Kwenye nchi za baridi walikolipima jambo hili, ng'ombe anayekamuliwa akipata mwanga saa 16 hadi 18 kwa siku huongeza kama lita mbili za maziwa kwa siku, baada ya wiki kadhaa. Sisi hapa jua hutupa saa 12 tu, masika na kiangazi. Basi ukiwasha taa jioni hadi saa nne na nusu usiku, umetimiza. Baada ya hapo zima! Mwili wa ng'ombe hupima siku kwa giza; usipompa giza, hesabu inampotea na zile lita huzioni.

Tena maziwa hayatoki kwenye balbu. Akiongezewa mwanga anakula zaidi, na wa kwangu nikimpa migomba mitupu bila pumba wala mashudu, hata nimuwashie taa za uwanja wa mpira hatanipa kitu.

Ng'ombe wangu Malkia amebakiza miezi miwili azae, nimemkausha, yaani nimeacha kumkamua, na kumhamishia pembe ya giza. Aliyekaushwa hutaka kinyume: mwanga saa 8, giza saa 16, ndipo akizaa akamulike vizuri. Jua siwezi kulizima, lakini taa angalau haimfikii.

Nikitaka kumchungulia usiku natumia tochi niliyoifunga karatasi nyekundu ya pipi, kwa sababu macho ya ng'ombe hayaoni vizuri rangi nyekundu. Nilijifunza kwa hasara: mwaka juzi nilimmulika mtamba kwa tochi kali, akaruka na kukanyaga ndoo, nami nikalala na goti limevimba.

Kuhusu wezi, taa ifungwe nje, ielekee getini, ile inayowaka mtu akipita.

Na jirani, taa yako inafika hadi chumbani kwangu. Mimi nashusha pazia. Ng'ombe wako hawana pazia.

Mama mfugaji,
Kibosho, Moshi